Mbwa kanusa alafu kaenda kwa mtu siyo: tatizo lianze kutafutwa wapi

Nilikaa miaka miwili na timu ya mbwa ya kampuni moja ya ulinzi hapa Mwanza, sikuwa handla mkuu, yaani yule anayemshika na kumuongoza mbwa, nilikuwa yule jamaa anayebeba maji, glavu na chupa, na kuwaambia watu wasogee nyuma, na ukiwa pembeni ivo ndo unaona makosa kuliko hata aliyeshika kamba. Mbwa wetu mkubwa alikuwa anaitwa Jeki. Naandika haya kwa anayefanya kazi hii, au mwenyekiti wa mtaa ambaye siku moja ataletewa mbwa kwake watu mia wakiwa wamesimama wanasubiri jibu.

Kabla ya kitu chochote, tofautisha kazi mbili maana watu wanazichanganya sana. Kuna kufuata njia, yaani mbwa ananusishwa kitu alichoacha mhalifu afu anafuata alikopita. Na kuna gwaride la harufu, mbwa ananusishwa kitu cha eneo la tukio kisha anapitishwa kwenye chupa au makopo yenye harufu za watu tofauti, akipata inayofanana anakaa chini. Mbwa anaweza kuwa hodari kwenye ya kwanza na hovyo kwenye ya pili.

Pua yenyewe haina shida. Mbwa ana vipokezi vya harufu kama milioni 200 mpaka 300, sisi tuna kama milioni 5 au 6. Mtu akitembea anadondosha vipande vidogo vya ngozi, jasho, mafuta ya mwili na bakteria wanaokula hivo vyote, ndo harufu yake. Mwaka 2011 watafiti wa Jamhuri ya Cheki walionyesha mbwa wa polisi waliofunzwa vizuri wanaweza kutofautisha hata mapacha wa kufanana, wanaokula chakula kimoja na kulala nyumba moja. Kwaiyo mbwa aliyeiva akikosea, we anza kuangalia binadamu.

Dalili: mbwa anazunguka palepale, hatoki

Hii ndo nimeiona mara nyingi zaidi, na kwetu Kanda ya Ziwa sababu namba moja inajulikana. Mwizi akiingia, yowe linapigwa, sungusungu wanatoka, majirani wanatoka, mama mwenye nyumba anatoka na tochi, kila mtu anaingia ndani kuangalia dirisha lilivyong'olewa na kulishika kabisa, "aah kumbe kapitia hapa". Mbwa anakuja masaa matatu baadaye anakuta harufu za watu arobaini, za juu kabisa ni za watu wema. Sasa unamwambia tafuta, atafute nani?

Usimng'ang'anize palepale. Mtoe nje ya eneo lililokanyagwa, mzungushe kwa mduara mkubwa, nyuma ya vyoo, kwenye korongo, nyuma ya mawe, kule ambako watu wa yowe hawakufika. Kama mhalifu aliondoka kwa miguu lazima alikata huo mduara sehemu fulani na hapo harufu yake iko peke yake au karibu na peke yake.

Sababu ya pili ni kuhema. Mbwa anayehema ulimi nje hanusi vizuri, hawezi kupoza mwili na kunusa kwa makini kwa wakati mmoja. Mtu anamleta mbwa saa nane mchana, kamfungia nyuma ya pikapu toka Buhongwa, anamshusha juu ya mawe yaliyopata jua toka asubuhi, anashangaa mbwa kalala kivulini. Mpe maji, mpe kivuli nusu saa. Kama unaweza kusubiri, subiri alfajiri, umande unasaidia na ardhi imepoa, ila ukisubiri weka mtu wa kulinda eneo la sivyo ukirudi utakuta mbuzi wamelala hapo.

Sababu ya tatu ni kitu alichonusishwa, nitairudia chini maana hiyo ndo ilituponza.

Na dagaa? Kila mtu huku akishindwa anasingizia dagaa. Eti Kirumba mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, kunanuka, mbwa anachanganyikiwa. Kwa uzoefu wangu harufu ya dagaa haifuti harufu ya mtu, mbwa anazitenganisha kama we unavyomsikia mama yako akikuita sokoni kelele zote zikiwepo. Dagaa anasumbua kwa njia nyingine, mbwa mwenye njaa anaacha kazi aende kula, kwaiyo hapo tatizo lako ni mafunzo, au umemleta hajala. Kuna sehemu moja tu dagaa ni tatizo kweli, nitaisema kwenye gwaride.

Dalili: katoka vizuri mita mia mbili, afu kakata ghafla

Angalia kwanza kama ni barabara. Akikata pembeni ya lami na kuanza kuzunguka akikuangalia, mara nyingi mtu alipanda bodaboda. Ulizia kijiwe cha karibu, hilo ni jibu zuri tu. Lami na mawe matupu pia havishiki harufu kama nyasi au udongo wenye unyevu, jua likiwaka ndo kabisa.

Kingine ni mawe yetu haya. Huu mji umejengwa juu ya majabali, upepo unagonga jabali unageuka, harufu inajikusanya upande ambao mtu hakupita. Utaona mbwa anainua pua juu, anaacha ardhi, anavutwa kwenye kona ya jiwe, anapiga hapo mzunguko. Handla asiyejua anasema mtu kajificha hapo, watu wanaanza kupanda na marungu. Hakuna mtu. Mrudishe pale alipokuwa na uhakika mara ya mwisho, umwanzishe upya taratibu, kamba ndefu, na wewe ukae kimya.

Dalili: kaishia majini

Mwaloni hii haikwepeki. Anafika kwenye mchanga, anaweka miguu majini, anarudi. Mhalifu kapanda mtumbwi, au kakanyaga maji ya kina kifupi akatokea mbele. Cha kufanya ni kutembeza mbwa ukingoni pande zote mbili, mbali, sio mita kumi, na kama kuna mwalo wa ng'ambo unaoeleweka nendeni kwa boti mjaribu na kule. Kumbuka upepo: mchana unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Kwaiyo mchana harufu ya ukingoni inasukumwa juu kwenye nyumba na matete, mbwa anaweza kukupeleka kwenye uzio wa mtu ambaye hahusiki kabisa, harufu imepeperushwa tu imekwama hapo.

Dalili: kaenda kwa mtu ambaye hakuwepo

Sasa hii. Kuna mwalo mmoja, siutaji, waliiba mashine ya mtumbwi usiku. Mnajua bei ya mashine, mwenye nayo alikuwa analia kabisa. Wezi waliacha turubai lililokuwa limeifunika. Tukafika asubuhi, handla akachukua turubai, Jeki akanusa, akatoka kama mshale, hakuangaika hata kidogo, akapita kwenye vichanja vya dagaa, akaenda moja kwa moja kwa mlinzi wa mwalo, mzee wa watu, akakaa mbele yake.

Kelele zilizopigwa pale sitakaa nisahau. Mtu mmoja alishaokota kasia. Kilichomuokoa yule mzee ni mwenye mashine mwenyewe, alipiga ukelele kwamba huyu mzee ndo aliyeliokota turubai alfajiri, akalikunja, akaliweka begani akamletea nyumbani. Jeki hakukosea. Aliulizwa "nani yuko kwenye hili turubai", akajibu. Aliyelibeba begani nusu saa anaacha harufu kuliko aliyelivuta sekunde tano gizani. Sisi ndo hatukuuliza nani kalishika.

Tiba ipo na ni ya zamani kwa wanaofuatilia watu kwa mbwa. Wote waliogusa hicho kitu waite, wasimame hapo karibu, mbwa awanuse mmoja mmoja kabla ya kupewa kitu. Akifundishwa hivo anaelewa kwamba hawa wapo, anatafutwa yule ambaye hayupo. Inachukua dakika kumi tu! Mbwa lazima awe amefundishwa hiyo mbinu, usiijaribu kwa mara ya kwanza siku ya tukio.

Cha pili, usimnusishe mbwa kitu chenyewe kama unaweza kuepuka. Vaa glavu, weka pamba au gozi safi (kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) juu ya kitu, funika kwa foili ya jikoni, acha nusu saa au zaidi, afu hamishia kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko. Chupa ioshwe na kukaushwa, isinukie jiki. Usiweke kwenye plastiki, ina harufu yake. Ukipata gozi mbili tatu, moja unatumia leo na nyingine zinabaki kwa ajili ya gwaride au kurudia. Kitu kikiwa na damu usikiguse kabisa mpaka mpelelezi aseme, hicho ni cha Mkemia Mkuu wa Serikali, ofisi ya Kanda ya Ziwa ipo hapahapa Mwanza, na vinasaba vikipatikana vina nguvu kuliko mbwa kumi.

Cha tatu ni swali la kujiuliza kuhusu kitu chenyewe: ni cha mtu mmoja kweli? Helmeti ya bodaboda ikiokotwa eneo la tukio, humo ndani kuna abiria wa wiki nzima. Koti la mtumba lililonunuliwa juzi. Kanga waliyoazimana madada wawili. Mbwa akimpata mwenye harufu kamili kabisa bado umejua tu kwamba huyu aliwahi kugusana na hicho kitu, hujajua lini wala alikuwa anafanya nini.

Na jambo la watu kukusanyika, naomba hili lichukuliwe kama sehemu ya vifaa, kama vile kamba. Mbwa asiachiwe mbele ya umati. Huku kwetu mtu akishaonyeshwa, kuna watu wanaona ni kama ramli imesema, na tunajua ramli chonganishi zimeua bibi zetu wangapi. Akikaa mbele ya mtu, handla asipige kelele, asimsifie mbwa kwa sauti, amuite pembeni ampe zawadi yake, mengine yaendelee kituoni.

Dalili: kwenye gwaride anamchagua mtuhumiwa kila siku, hakosei

Watu wanaona huyu ni mbwa bora. Mimi naogopa hapo. Mbwa asiyekosea kabisa, mara nyingi anasoma mtu.

Berlin mwaka 1904 kulikuwa na farasi anaitwa Hans, anajumlisha na kutoa, anagonga kwato mpaka namba sahihi. Mwaka 1907 Oskar Pfungst akathibitisha kwamba farasi alikuwa anaangalia mwili wa anayeuliza, akifika namba sahihi muulizaji analegea kidogo bila kujijua, farasi anaacha kugonga. Muulizaji asipojua jibu, farasi naye hajui. Mbwa ni mjanja kuliko farasi kwa hilo, kazi yake toka utoto ni kukuangalia wewe.

Kama hiyo unaona ni ya zamani, chukua ya 2011, Chuo Kikuu cha California, Davis. Handla 18 na mbwa wao wa madawa na milipuko walipelekwa kwenye kanisa ambalo halikuwa na harufu yoyote ya kutafutwa, ila handla wakaambiwa ipo, na sehemu nyingine ikawekwa karatasi nyekundu kama alama. Misako 144, misako 21 tu ndo ilipita bila mbwa "kupata" kitu. Walioamini walikuwa handla.

Na Uholanzi walikuwa na gwaride la harufu la polisi lenye utaratibu mzuri sana kwenye karatasi. Mwaka 2006 ikagundulika kwamba handla wa kaskazini na mashariki mwa nchi, toka 1997, walikuwa wanajua harufu ya mtuhumiwa imewekwa wapi, wakati utaratibu unasema wasijue. Kesi zikaanza kufukuliwa upya. Sasa kama Uholanzi ilitokea, hapa kwetu ambapo anayepanga chupa ni rafiki wa handla na wamekunywa chai pamoja, jiulize mwenyewe.

Jinsi ya kupima kama mbwa wako ana ugonjwa huu: panga gwaride ambalo harufu ya mtuhumiwa haipo kabisa, handla asijue. Mbwa akikaa, umepata jibu. Angalia pia video ya handla, usiangalie mbwa, angalia miguu ya handla: anapunguza mwendo wapi, kamba inakaza wapi, anarudia chupa gani mara mbili.

Tiba yenyewe inafanyika hata bila hela. Chupa sita, moja ya mtuhumiwa, tano za watu wengine. Mtu mmoja anapanga kwa kurusha dadu ya ludo, anaandika, anatoka chumbani na haonani na handla tena. Anayebaki kushuhudia naye asijue. Kwa chupa sita, mbwa anayebahatisha tu anapatia mara moja kati ya sita, ukipanga upya na akarudia sawasawa ni mara moja kati ya 36, ndo maana unarudia. Ila kama kuna anayejua humo ndani, hata urudie mara mia unarudia uongo uleule.

Hapa sasa dagaa wanaingia. Mtuhumiwa ni mvuvi, gozi imetoka kwenye kitu kilichoibwa mwaloni, afu chupa tano za wengine umewachukua makarani wa ofisi za Capri Point. Mbwa anaweza kukaa kwa mvuvi kwa sababu ndo pekee anayenuka ziwa! Watu wa kulinganisha wawe wa aina moja na yeye, wavuvi kwa wavuvi, na harufu zote zichukuliwe siku moja, kwa gozi za pakiti moja, kwa mtu mmoja mwenye glavu mpya kila mara. Vilevile kama mtuhumiwa kalala mahabusu siku tatu na wengine wametoka makwao wameoga, mbwa anaweza kuchagua harufu ya mahabusu.

Kuna na mbwa wenye harufu wanazozipenda tu, labda mtu ana sigara au ana mbwa jike kwake. Waholanzi walikuwa na dawa ya hilo kwenye utaratibu wao, na hii ni nzuri ichukuliwe: kabla ya zamu ya mtuhumiwa, mbwa anapewa kwanza harufu ya mtu mwingine anayejulikana ambaye naye yuko kwenye mstari. Ampate huyo, na asionyeshe shauku yoyote kwa chupa ya mtuhumiwa. Akishindwa moja ya hayo, kwa siku hiyo mbwa amemaliza kazi, mrudishe bandani.

Dalili: hakai popote

Inaweza kuwa kachoka, gozi imechakaa, chupa zimeoshwa na sabuni ya kunukia, mbwa wa kabla yake kakojoa pembeni. Mpe harufu ya mtu anayejulikana uone kama leo anafanya kazi. Akiipata hiyo na bado hakai kwa mtuhumiwa basi amejibu, amesema hapana, na hiyo "hapana" iandikwe. Kosa baya ni kumpitisha tena na tena mpaka akae. Atakaa tu, anataka mpira wake.

Dalili: mahakamani wameukataa

Mahakama za Afrika Mashariki hazijaanza leo kumtilia shaka mbwa. Kwenye kesi ya Omondi ya Kenya, 1967, ilisemwa ushahidi wa aina hii uchukuliwe kwa uangalifu mkubwa, na aliyemshika mbwa aje mwenyewe aeleze uzoefu wake, mbwa kafunzwaje na anaaminika kiasi gani. Texas, Mahakama ya Rufaa ya Jinai ilisema mwaka 2010 kwamba gwaride la harufu peke yake halitoshi kumtia mtu hatiani. Walikuwa na sababu, maana Florida kuna mtu anaitwa William Dillon alikaa jela miaka 27, na sehemu ya kilichomfunga ni mbwa wa handla mmoja, John Preston, ambaye alikuwa anadai mbwa wake anafuata harufu hata miezi imepita. Fulana iliyodaiwa ina harufu ya Dillon ilipimwa vinasaba baadaye, havikuwa vyake. Alitoka 2008.

Kwaiyo ukiulizwa mahakamani "mbwa wako amekosea mara ngapi", na huna daftari, ushahidi umekufa hapo hapo. Daftari liwe na kila zoezi na kila kazi: tarehe, saa, jua au mvua, upepo, nani aligusa kitu, gozi ilikaa muda gani, nani alipanga chupa, mbwa kafanya nini, na alipokosea alikosea vipi. Zile za kukosea ndo zinafanya zile za kupatia ziaminike, wakili yeyote anajua mbwa asiyekosea hayupo.

Letu lilikuwa zuri, la kava gumu, kazi zote za Jeki ziko mle. Ile ya turubai haipo. Niliinua kalamu jioni ile, bosi akaniambia acha hiyo, si hatujakamata mtu.